Namba Kumi na Gari Lake Lisilokwisha

Baada ya miaka thelathini na saba na miezi minne ya utumishi, fundi mkuu wa karakana yetu ya idara ya maji anastaafu rasmi Ijumaa hii, tarehe 30. Kwenye faili lake ana majina matatu marefu. Karakanani ana moja tu, Namba Kumi, kwa sababu spana namba kumi, ile inayopotea katika kila gereji duniani, yeye hajawahi kuipoteza. Hutembea nayo kwenye mfuko wa shati, hata msibani. Kamati ya sherehe imenipa ukurasa mmoja nimwandike mimi, fundi umeme, kwa madai kwamba hakuna anayemjua kunizidi. Hapo kamati imepatia, ingawa huenda ikajuta.

Aliingia kazini akiwa na miaka ishirini na miwili, kazi yake kuosha maboza, yale malori ya kubebea maji. Siku moja mafundi wa enzi zile walikuwa wamezunguka injini inayopiga kelele, kila mtu na ubishi wake. Yeye akapita na ndoo, akanyoosha kidole chenye povu la sabuni, akasema ni pampu ya maji. Ilikuwa pampu ya maji. Wiki iliyofuata alipewa ovaroli la mtu mrefu, akalivaa miaka miwili likiwa limekunjwa miguuni mara tatu.

Mwaka ule bomba kuu lilipopasuka, maboza manne kati ya sita yalikuwa juu ya mawe. Namba Kumi aliyarudisha yote barabarani kwa siku tatu. Alipewa cheti, akakibandika ndani ya mlango wa kabati lake la vifaa, mahali asipokiona mtu. Sheria yake ilikuwa moja: gari halitoki mpaka yeye mwenyewe alizungushe uani. Madereva walinung'unika, lakini boza lililopita mikononi mwake halikurudi likiburutwa. Si msemaji. Akikasirika anafuta spana, na akifurahi anafuta spana. Ilinichukua miaka kumi kujua tofauti.

Sasa tuje kwenye lile gari, maana najua ndilo mnalolisubiri.

Miaka kumi na moja iliyopita ofisi iliondoa magari yake chakavu. Mojawapo lilikuwa gari dogo la saluni la mkurugenzi wa kwanza, lenye taa za duara na bampa za kung'aa, ambalo majani yalikuwa yameota ndani yake mpaka yakachungulia dirishani. Namba Kumi akalichukua. Uongozi ukamruhusu atumie banda la nyuma baada ya saa za kazi, mpaka siku atakayostaafu. Fundi wa bodi alimuuliza kama anatafuta shamba.

Hakutaka gari la kuonyesha watu. Alitaka sura ibaki ileile, lakini chini ya boneti liende na wakati. Aling'oa injini ya kabureta akafunga ya kisasa yenye turbo na kompyuta. Giaboksi ya gia nne ikatoka, ikaingia ya gia sita. Magurudumu yote manne yakapata breki za diski, na usukani uliokuwa ukitaka mabega ya mpagazi sasa ukawa unageuka kwa kidole. Waya zote, kuanzia kwenye betri hadi taa ya nyuma, nilivuta mimi.

Siku ya kwanza alipolijaribu uani alikanyaga mafuta kama anavyokanyaga kwenye boza. Shasi ile, mifupa ya gari, ilitengenezwa kwa injini yenye nusu ya nguvu hizo. Ikajipinda, milango yote ikakwama, na fundi mkuu wetu, mtu mzima mwenye mjukuu, tukamtoa dirishani akitanguliza kichwa, mbele ya wageni waliokuja kukagua usalama kazini. Alitumia mwaka mzima kuiimarisha shasi. Alipiga marufuku kisa hicho kutajwa, nasi tukakitaja kila wiki.

Wakati huo mke wake, shemeji yetu, hakuwepo. Alikuwa kwa binti yao, mwendo wa siku mbili kutoka hapa, amekwenda kumsaidia kulea mtoto wa kwanza. Ilikuwa iwe miezi mitatu. Akaja mtoto wa pili, kisha wakaja mapacha, na sasa huu ni mwaka wa tano. Hawakugombana hata siku moja. Namba Kumi alimwahidi kwamba gari likiisha atamfuata nalo. Kila jioni simu ilikuwa ikiita pale bandani, shemeji anauliza gari limefikia wapi, na yeye anajibu, "Bado waya."

Bado waya! Mwaka wa kwanza nilivumilia. Baadaye nikaona huyu bwana ananiharibia jina ukweni. Jumamosi moja asubuhi nilikuja peke yangu na kipima umeme, nikakagua waya mmoja mmoja na fyuzi moja moja. Sikuona kosa. Nikaketi, nikageuza ufunguo. Injini iliwaka hapohapo, ikatulia, na taa za tahadhari kwenye dashibodi zikazimika zote kama zinavyotakiwa. Gari lilikuwa limekwisha, tena siku nyingi. Nilipoinua macho nilimwona amesimama mlangoni, mkate kwapani.

Hakukasirika. Aliketi juu ya tairi la boza, akaniuliza, "Likiisha, jioni nitakuwa nakaa wapi?"

Akaniambia yaliyobaki akiangalia sakafu. Kule kwa binti yake nyumba imejaa, kila mtu ana zamu yake na kiti chake mezani, na hakuna aliyewahi kusema kuna mtu anapungua. Shemeji huuliza habari za gari, lakini hajasema njoo. Akifika akaonekana mgeni, atarudi wapi? Gari likiwa halijaisha, hakuna atakayelijua jibu, hata yeye mwenyewe.

Nilipaswa kumwambia aende. Sikumwambia, na leo nakiri mbele yenu nyote. Mimi naishi chumba kimoja, sina mke wala mtoto, na mtu pekee niliyekuwa nikizungumza naye baada ya saa kumi alikuwa ni yeye. Nilizima injini, nikachomoa waya wa pampu ya mafuta, nikamwambia ni kweli kaka, kuna hitilafu hapa.

Basi kwa miaka miwili tumekuwa tukitengeneza gari ambalo ni zima. Mimi nachomoa, yeye anatafuta. Yeye analegeza nati, mimi namshikia tochi. Tunakunywa chai, tunasema machache, saa kumi na mbili na nusu tunafunga banda na kila mtu anashika njia yake. Aliwahi kuniambia kwamba akiingia nyumbani huwasha redio kabla ya kuvua viatu. Mimi nikamwambia yangu hulala ikiwa imewashwa. Tukacheka, nikaendelea kumshikia tochi.

Wiki iliyopita nilimsikia akiulizia banda la kupanga karibu na kwake. Nikaelewa. Alikuwa analihamisha gari akaendelee kulifungua na kulifunga mwenyewe, bila hata mimi wa kumshikia tochi. Nililala na jambo hilo siku mbili, ya tatu nikampigia shemeji. Sikuomba ruhusa kwa mtu. Nilimweleza yote, pamoja na ule waya wa pampu.

Alinisikiliza mpaka mwisho. Halafu akasema, "Mimi nilidhani amelipenda gari kuliko kuja. Nikaona nisimlazimishe mtu." Nikasikia mtoto akimwita bibi, naye akimwambia ngoja. "Hapa naitwa bibi, naitwa mama, tangu asubuhi. Hakuna anayeniita kwa jina langu. Mwambie aje, shemeji. Lakini usimwambie kama nimelia." Samahani shemeji, kamati ilitaka maelezo kamili.

Kaka, nimeyaandika hapa kwa sababu ana kwa ana ungenipiga chenga, na mimi ningefurahi unipige, ubaki. Waya wa pampu nimeurudisha jana. Tangi limejaa, upepo wa tairi nimepima, na geti litafunguliwa mapema Jumamosi. Jumatatu nitatoka kazini saa kumi kama watu wengine, na sijui nitafanya nini na jioni hiyo, lakini hilo ni langu.

Kwa niaba ya karakana nzima, asante kwa kila boza lililorudi barabarani na kwa kila fundi uliyemfundisha kusikiliza kabla ya kufungua. Wenzangu wote wanakutakia maisha mema na marefu. Mimi nakutakia ufike, na usirudi.