Mahindi ya Baba yake Osiako

Nisikilizeni, Edah na wewe Andati, sogeeni hapa kitandani, maana daktari amenipa siku chache nami maneno ninayo mengi. Nyumba hii ya Amalemba ni yenu wawili, hilo mnalijua. Nataka kuwaachia vitabu vyangu.

Nilipostaafu ualimu niliandika riwaya juu ya wanaume wa Musanda waliochukuliwa kubeba mizigo katika vita vya Mjerumani, nikamweka humo mzee aliyeficha mahindi watu wakifa njaa. Sikumtaja jina, lakini Osiako, binamu ya marehemu baba yenu, alimtambua baba yake, akaja na kitabu mkononi: "Shemeji, umemvua baba nguo mbele ya watu!" Miaka saba hakukanyaga hapa.

Kisha nikaanza riwaya ya Kakamega ya mwaka 2040, yenye mabasi yanayoendeshwa kwa maji ya miwa, na mimi injini siijui hata kidogo. Aliyeijua ni Osiako, aliyefundisha ufundi wa magari katika chuo cha Sigalagala. Nikameza aibu, nikaenda. Alisoma amesimama mlangoni, akacheka mpaka miwani ikaanguka. "Shemeji, basi lako hili halitoki hata getini!" Tukakaa mchana kutwa akinichorea mitambo, hadi mkewe Beldina akatuletea obusuma na ingokho, ugali wetu na kuku. Tukiwa tunakula ndipo akasema taratibu, "Yale mahindi baba aliwagawia wake wa wapagazi. Mama alinionyesha shimo alimoyahifadhi. Ungeniuliza tu." Nikalia pale mezani, wanangu, naye akanisukumia paja la kuku.

Basi sura ya mahindi nimeiandika upya, iko kabatini. Kitabu kisichapishwe tena bila hiyo. Riwaya ya pili imebaki sura ya mwisho. Edah, iandike wewe, na mambo ya injini umwonyeshe baba yako mdogo Osiako kwanza, usijifanye fundi kama mimi. Andati, najua hukumaliza kitabu changu hata kimoja, usiniangalie hivyo! Siku ya mazishi yangu utasoma wewe, ile sura ya harusi ndani ya basi, kwa sauti, watu wacheke.

Niinulieni mto... hapo. Pumzi inakatika. Msigombane. Mungu awabariki, awape watoto wanaouliza maswali... awafikishe katika miaka ambayo mimi niliibuni tu, muione kwa macho... na pale nilipokosea, wanangu... mnicheke sana.