Bi. Ruthu Ndahani na Mashine Aliyoifundisha Kuona

Na Sikudhani Uwesu, Kitengo cha Mifumo

Baada ya utumishi wa miaka thelathini na moja, Bi. Ruthu Ndahani anastaafu rasmi tarehe 30 Juni 2025. Wale wenye mazoea ya kuingia ofisini kwake bila shikamoo sasa wanaweza kupumua.

Alianza kazi katika umoja wetu wa wakulima wa zabibu akiwa mpiga chapa, akahamia usahihishaji wa matangazo, na tovuti ilipokuja akakabidhiwa ukaguzi wa kurasa. Kazi hiyo ilikuwa ya macho matupu. Mafundi wakibadilisha chochote, yeye hufungua ukurasa mmoja baada ya mwingine, kwenye kompyuta na kwenye simu, kuona kama kuna kitufe kilichohama au maandishi yaliyopandana. Denis, fundi wetu mkuu, akisikia tu kiti cha Bi. Ruthu kinasogea huanza kujitetea kabla hajashtakiwa.

Ndiyo maana tulishangaa, miaka miwili iliyopita, Bi. Ruthu mwenyewe alipodai ukaguzi ufanywe na mashine. Mpango wenyewe ni rahisi kuueleza: mashine hupiga picha ya kila ukurasa, huilinganisha na picha iliyoidhinishwa, na ikiona tofauti huonyesha alama nyekundu. Picha zote za mwanzo aliziidhinisha yeye, akizikodolea macho mpaka pua inakaribia kugusa kioo. Sisi tukasema, huo ndio umakini.

Siku za mwanzo mashine ilitutoa jasho. Ukurasa wa wakulima humsalimu mtu kulingana na saa: asubuhi salamu hii, mchana ile. Picha zilipigwa asubuhi, kwa hiyo kila ikifika mchana mashine inapiga kelele kwamba ukurasa umeharibika. Denis akashauri salamu iondolewe. Bi. Ruthu akamjibu kwamba mkulima wa kijijini Zuzu hawezi kupokewa na ukurasa usio na adabu. Badala yake akachora boksi juu ya salamu na kuiamuru mashine isitazame hapo. Mashine ikatulia, kijani tupu, tukapongezana kwa soda.

Kumbe boksi lilikuwa kubwa kuliko salamu. Lilifunika pia kitufe cha kutuma oda za mzigo. Katikati ya mavuno, marekebisho ya Denis yakakifuta kitufe hicho, na mashine, kwa utii mkubwa, haikutazama. Wakulima wakabaki na zabibu zilizokwisha kuchumwa, lori la mnunuzi linaondoka mchana, na zabibu hazimngoji mtu. Bi. Ruthu akashika simu na kupokea oda kwa mdomo, mkulima mmoja mmoja, hata wale ambao hawataji mzigo mpaka wameuliza hali ya ukoo mzima. Aliwaitikia wote. Lori liliondoka limejaa.

Jioni kwenye kikao Denis alikuwa tayari kubeba lawama. Bi. Ruthu akamzuia. Akasema boksi ni lake, na alilichora hivyo kwa sababu kitufe hakukiona. Mtoto wa jicho alikuwa amemwingia macho yote mawili. Aliitaka mashine kwa kuwa aliogopa kurasa za wakulima zitabaki bila wa kuzitazama, na aliogopa zaidi kutuambia. Hakuna aliyecheka. Mimi nililia, nasema wazi.

Alifanyiwa upasuaji, akarudi kazini, akafungua ukurasa wa mbele na kuuliza kwa ukali ni nani aliyeruhusu rangi hii ya maharage yaliyochacha. Kumbe rangi hiyo ilikuwa na kibali chake mwenyewe. Alinuna mpaka saa ya chai, kisha akalipunguza boksi, akazipitia upya picha zote, na kumfundisha Erica, kijana wa kitengo chetu, kazi hiyo.

Juma lililopita mashine ilionyesha nyekundu. Kitufe kilikuwa kimehama, kwenye simu tu, na mashine ilikuwa sahihi. Lakini kabla ya kuangalia skrini, sote tuligeuka kumwangalia Bi. Ruthu. Hakunyanyuka. Aliendelea kunywa chai yake, na Erica akalimaliza jambo.

Asante sana, Mama. Uende salama nyumbani Ihumwa, upate afya na usingizi wa kutosha, na macho yako yaone mema tu.