Kura ya Mheshimiwa Spika

Ndugu waombolezaji, kaka yetu, ambaye wengi mlimzoea kama Mheshimiwa Spika, alizaliwa tarehe 9 Machi 1946, katika nyumba za reli nyuma ya karakana, mtoto wa tatu wa fundi wa injini na mshona nguo, akasoma shule ya msingi ya mtaa uleule, sekondari hadi 1964, kisha chuo cha ualimu, alikojifunza kunyamazisha darasa kwa kulitazama tu, kipaji alichokwenda nacho bungeni mwaka 1985, akakuta wanafunzi sugu zaidi.

Tarehe 12 Juni 1971 alifunga ndoa na mwalimu mwenzake, aliyemtangulia mwaka 1999, wakajaliwa mtoto mmoja, binti, muuguzi, aliyeolewa nchi jirani.

Nchi hiyo ilipovamiwa Oktoba 2003, serikali yetu ilitoa matamko manne ya kusikitishwa, kila moja likisikitika kidogo kuliko lililotangulia, hadi tarehe 21 Novemba Bunge likaketi kuamua, tupeleke jeshi au tukae pembeni, na asubuhi hiyo binti akapiga simu, "Baba, mizinga inasikika hadi wodini, jamani semeni neno," na jioni kura zikalingana, na kwa desturi ya Bunge letu, zikilingana, Spika hupiga yake kuacha mambo yalivyo, hata kama moyo wake uko kwingine, naye akayaacha yalivyo.

Mji alikoishi binti ulianguka Januari, mkwe wetu akauawa, binti akarudi na mtoto mgongoni, akaishi kwa baba yake miaka yote hii, akimpikia, akimfulia, na akimwita "Mheshimiwa", naye marehemu akajiuzulu, akaniambia, "Mdogo wangu, ningepiga ile nyingine, wangekufa watoto wa watu, ila wangu angeniita baba."

Figo zilianza kumsumbua mwaka 2017, na alifariki tarehe 4 mwezi huu, alfajiri, binti akiwa amemshika mkono.

Tunawashukuru madaktari, majirani mliotuazima viti na sufuria, na wabunge wa pande zote mbili, ambao leo mmekaa mchanganyiko kwa uhaba wa viti, na zaidi tunamshukuru binti, ambaye tulipomwomba asome historia hii alijibu, "Baba mdogo, kwa hili na mimi nakaa pembeni," kisha akaenda kuipiga pasi suti aliyovaa marehemu leo.

Kaka, pumzika, na ile amani uliyoipigia kura, sasa uipate.