Kanisa la Miaka Mia Tano

Ubao wa kukalia wa kijiwe cha kahawa kijijini Ntoto huwatosha watu wanne wanaopendana, au watatu waliogombana. Juu yake Mama Geneviève amefunga turubai la bluu ili kahawa yake isionje mvua. Asubuhi hiyo Kanyamibwa, mwashi ambaye wenzake humwita Nivo, kwa jina la kile chombo cha kupimia usawa wa ukuta, aliketi na mfuko wa safari kati ya miguu. Pikipiki ingempitia saa sita, impeleke kwenye machimbo ya Omate, kuchimba tena. Ng'ambo ya njia, kuta za kikanisa alichokuwa akijenga zilikuwa zimefika magotini, zikakoma hapo. Mchimbaji, kabla ya kushuka, huacha kandambili zake mdomoni mwa shimo. Asipopanda tena, kandambili hurudi nyumbani bila yeye. Kila familia iliyopotelewa ilikuwa imefinyanga tofali moja, ikagandamiza humo kandambili ya marehemu wake. Matofali kumi na moja yalikuwa yamepangwa juu ya ukuta, yote mabichi, maana kuni za kuyachoma zilikosekana. La tatu lilikuwa la Nizeyimana, mdogo wake Kanyamibwa. Tangu vijana wafuate mashimo mapya, hakuna aliyemsogezea mwashi hata ndoo ya udongo.

Mwalimu Jérôme, aitwaye Bibliothèque, yaani maktaba, akafungua kitabu cha Kifaransa alichoazima parokiani.

— Nivo, mbele ya kuondoka, sikiliza. Kule Ucheki iko muji, Kutná Hora. Banasema mutawa moja alilala mu pori, akaamuka, akaona feza inaota mu udongo sawa majani ya sombe. Akaifunika na kanzu yake, asipoteze fasi. Njo banasema muji ulipata jina mu ile kanzu.

— Feza ya kuota yenyewe! Papa Bienvenu akacheka. Huyu ni mfanyabiashara wa Butembo, nao humwita Balance, yaani mizani, kwa kuwa hupima hata salamu. — Kule Omate inaota sugu ku magoti ya bantu tu.

— Bachimbaji babo balivaa nguo nyeupe, ili baonekane mu giza. Mufalme akagongesha franga ya ile feza pale pale. Muji ukakuwa mukubwa, muji ya Praha tu njo ilikuwa inaupita. Bachimbaji bakaanza kanisa ya Mutakatifu Barbara, mwenye kuombea bachimbaji. Mwaka 1388.

— Bakamaliza? Kanyamibwa akauliza, naye hakukusudia kuuliza.

— Mwaka 1905.

Vikombe vikasimama njiani, kabla ya midomo.

— Miaka mia tano! akasema Balance. Iko wazi: lori ya simenti ilizama mu matope. Njia yabo iko sawa ya Walikale.

— Feza iliisha, Papa. Vita ikapita, tauni ikapita.

— Hapana, akasema Balance. Bahenga balisema: mgeni njoo, mwenyeji apone. Njo kusema masoni, mujenzi, alilipwa kwa siku. Akimaliza, atakula wapi?

— Hiyo mezali inaingilia wapi? Jérôme akauliza.

— Inaingilia ku mulango, sawa mugeni!

Mama Geneviève akamimina kahawa bila kuwatazama.

— Miye nasema ba mama njo balikuwa banaficha mawe. Kanisa ikiisha, bantu banasema bale balikufa bamelilwa, inatosha. Kisha kila mwanaume anarudi mu shimo.

Kanyamibwa akauvuta mfuko karibu zaidi.

— Siye hatuko bale, Mama. Miye sina miaka mia tano. Niko na mikono mbili, na imechoka.

Hapo akafika mama mmoja mwenye vumbi hadi magotini. Alisema anaitwa Nyiramana, ametoka kambi ya wakimbizi ya Kashuga, siku tatu kwa miguu. Akafungua pindo la kitenge, akatoa kandambili moja ya kijani.

— Balinielezea hapa munabaweka mu tofali. Huyu ni Muhawenimana, mutoto yangu.

Jérôme, kwa aibu, akamwambia kwamba masoni anaondoka leo. Na ili kumfariji akamsimulia habari za Kutná Hora, ujenzi ukisimama na kuanza tena. Nyiramana akasikiliza mpaka mwisho. Akautazama ukuta, akalitazama wingu juu ya kilima.

— Miaka yote ile ukuta bila paa? Na mvua ikinyesha, balikuwa banaufunika na nini?

Jérôme akafunua kurasa mbele, akazifunua nyuma. Tone la kwanza likagonga turubai.

Kanyamibwa aliliona tofali la tatu kutoka pale alipoketi. Nizeyimana alikuwa akitembea kwa kuegemea kulia, na udongo ulikuwa umeshika kisigino kile cha kandambili, kilicholika upande mmoja. Akainuka, akafungua fundo la kwanza la turubai.

— Nivo! Kahawa yangu! Mama Geneviève akapiga kelele. Kisha akafungua la pili yeye mwenyewe.

Wote watano wakalitandaza juu ya ukuta, wakalikandamiza kwa mawe. Pembe ya nne ikakosa jiwe. Kanyamibwa akaenda kuchukua mfuko wake wa safari, akauweka pale.

— Mama Nyiramana, kesho asubui tutakanyaga udongo ya tofali ya Muhawenimana. Sasa kuya hapa, ikala ku ubao.

Wakarudi ubaoni bila paa, wakabanana, kandambili ya kijani ikiwa chini ya koti la Jérôme.

— Angalieni, akasema Balance, nakunywa, nakunywa, kikombe inajaa tu!

Pikipiki ya Omate ikasimama, ikapiga honi mara mbili. Kanyamibwa hakuinuka. Mfuko ulikuwa kazini.