Mikono ya Baharanyi, Mwalimu wa Ngumi wa Keshero

Ndugu mliotoka Bukavu, majirani wa Keshero na wote mliokuja kulia nasi, familia imenituma mimi Mwavita, mdogo wake, niwasomee maisha ya kaka yetu Baharanyi Murhula, na mnivumilie nikikwama, kwa sababu karatasi hii niliiandika upya jana.

Marehemu alizaliwa Kadutu, Bukavu, tarehe 14 Machi 1981, mtoto wa pili wa Papa Munguakonkwa na Mama Aurélie, akasoma shule ya msingi hukohuko, akafika Goma mwaka 1995 kwa masomo ya sekondari, ingawa walimu walilalamika kwamba hakai kitako, na kweli hata nyumbani alikula akiwa amesimama, sahani mkononi, macho mlangoni.

Tangu 2003 alikuwa karani wa depo ya sementi, na jioni alifundisha ngumi hapa Keshero, akiwaonyesha vijana namna ya kumtawala mpinzani kabla ya kumpiga, kumzibia njia, kuingiza kichwa chini ya kidevu chake, kumbana viwiko na kumgeuza kwa hatua moja, huku wawili hao wamefungwa kiunoni kwa kitenge kimoja, na anayekivuta hadi kikaze ameshindwa.

Kitenge kilikuwa cha Mama Gisèle, aliyefunga naye ndoa tarehe 9 Agosti 2008, wakajaliwa Akonkwa na Daniella.

Tarehe 20 Juni 2009 alipigania mkanda wa ubingwa wa mji na bondia Sikuli wa Butembo, na katika raundi ya mwisho akamkumbatia, akakataa kumwachia, mwamuzi akamkata pointi mbili, akashindwa kwa pointi moja, na watu wakamwita Papa Kumbatia, yaani mwoga wa kupiga. Hata mimi nilimwita hivyo, na naona haya. Mkewe alipomuuliza sababu, aliinuka akaenda kwa miguu hadi ziwani Lac Vert.

Tarehe 3 Mei 2025 figo zilianza kumsumbua, akalazwa, na kila muuguzi alipotafuta mapigo ya mkono wake, yeye usingizini alimdaka muuguzi kifundo cha mkono, mpaka tarehe 6 Oktoba, saa nne asubuhi, mikono ilipotulia.

Juzi Sikuli alikuja kwenye matanga, akatuambia huku akilia kwamba siku ile ya mkanda ngumi ya kaka mbavuni ilimmaliza, akaanza kuanguka kinyumenyume, na ulingo ulikuwa turubai tu juu ya mawe ya volkano, ndipo Baharanyi akamshika asiangukie kisogo, akimwambia sikioni, "Simama na miye, ndugu, chini ni mawe tupu." Sikuli alichukua mkanda, akanyamaza miaka kumi na sita, na ameomba jambo hili lisomwe mbele yenu, naye ndiye atakayebeba jeneza mbele, upande wa kushoto.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani waliotuchotea maji wiki nzima, wenzake wa depo na vijana wake wa ngumi.

Kaka, nisamehe lile jina. Umesimama vya kutosha, keti sasa, upumzike kwa amani.