Kocha Nabangala na Mkeka Pembeni ya Benchi

Mchungaji, wazee wetu kutoka Bungoma, majirani wa Kasubi, na viongozi wa klabu mliokaa hapo mbele, familia imempa Exaucée huyu anayesimama mbele yenu, mchezaji wa kiungo wa marehemu, kazi ya kuwasomea maisha ya Kocha wetu, Mama Travis, kwa kuwa mwenyewe aliagiza yasomwe na mtu asiyeogopa kulia wala kusema.

Marehemu Consolata Nabangala alizaliwa tarehe 14 Machi 1981, Kimilili, nchini Kenya, binti wa pili wa marehemu Mzee Nyongesa, fundi wa baiskeli, na Mama Namalwa, ambaye tunaye hapa, na mwaka 1986 familia ikahamia Kasubi, hapa Kampala. Alisoma shule ya msingi hapa hapa kuanzia 1988 hadi 1994, kisha sekondari Mengo hadi 1998, na mama yake anakumbuka kwamba kiatu cha kushoto ndicho kilichotoboka kwanza kila mwaka, maana hakupita jiwe njiani bila kulipiga teke.

Mwaka 1999 alianza kucheza winga ya kushoto katika klabu ya wanawake ya Nyuki, klabu hii hii, hadi Agosti 2005, mimba ilipoonekana, na kocha wa wakati ule akamnyang'anya jezi mbele ya wenzake, akamwambia, "Nnyabo, bibi, mpira na nepi haviendi pamoja, nenda ukapike." Alikwenda, lakini si jikoni, alisimama nyuma ya goli msimu mzima, tumbo mbele, akipaza sauti kumwelekeza msichana aliyepewa namba yake, wala hakumwonea kijicho.

Travis alizaliwa Januari 2006, na tarehe 22 Aprili mwaka huo marehemu alifunga ndoa na Bwana Omolo, muuza vipuri wa Mengo, wakajaliwa pia binti, Ajwang, mwaka 2009. Watu walimcheka Bwana Omolo kwa kuanika jezi za wanawake uani, naye hakuacha kuzianika.

Alipata leseni ya ukocha mwaka 2012, mwanamke pekee katika darasa lake, na mwaka 2018, Nyuki ilipokuwa mkiani mwa ligi kuu na makocha wanaume wameikimbia, ndipo alipoitwa, akakubali kwa sharti moja, kwamba mchezaji akizaa asipoteze jezi yake. Alinunua mkeka soko la Owino, akautandika pembeni ya benchi, watoto wakalala hapo, na wakati wa mapumziko walinyonyeshwa kwanza, yeye akieleza mbinu kwa sauti ya chini ili wasishtuke. Mashabiki wa timu nyingine wakaanza kutuzomea, "Kliniki! Kliniki!", naye akacheka, akasema, "Mmesikia? Sasa kliniki bila sindano ni ya nini, nendeni mkawachome," na siku hiyo tukawachoma mbili, wavuni.

Exaucée, huyu anayewasomea, alifika Kampala kutoka Bukavu mwaka 2019, elimu yake ikiwa ya msingi tu, na alipomzaa Guerschom mwaka 2022 alijua mpira umekwisha, lakini Kocha alikuja chumbani kwake na chupa ya uji na jezi iliyokunjwa, namba ile ile, hakuuliza baba wa mtoto ni nani, aliuliza kama maziwa yanatoka.

Mei 2023, msimamizi wa mechi alimkuta amembeba Guerschom mgongoni kwa leso, akamwambia, "Kocha, huyu hana kibali cha kukaa hapa," naye akajibu, "Ssebo, bwana, mama yake ndiye yule aliyefunga bao sasa hivi, kamwambie wewe." Alifungiwa mechi mbili, akazisimamia nyuma ya goli, mahali pake pa zamani, kwa kelele zile zile, na msimu huo tulimaliza nafasi ya pili.

Septemba 2024 aligundulika kuwa na saratani ya titi, akatibiwa hospitali ya Mulago, na Februari mwaka huu, alipokuwa hawezi tena kuinuka, wachezaji waliambiwa na klabu kwamba timu ya kulipwa si chekechea na mkeka usionekane tena. Tulimpelekea habari hiyo kitandani tukilia, naye akasema, "Asiyeutandika atawezaje kuukunja? Ule ni wangu, nawapa ninyi." Alituacha Jumanne, tarehe 11 Machi 2025, mkono wake ukiwa katika mkono wa Ajwang.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa Mulago, hasa Sista Nabwire, aliyempaka mafuta kichwani kila asubuhi nywele zilipokwisha, jirani Abudu, aliyezima muziki wa duka lake bila kuombwa, makocha wenzake waliochanga mafuta ya gari la kumpeleka Bungoma kwa maziko, na viongozi wa klabu kwa shada la maua, ambalo kwa kweli ni zuri.

Mkeka wenyewe ndio huo hapo mbele ya jeneza, na watoto waliolala juu yake ni wetu. Hausafiri naye. Jumamosi utakuwa uwanjani, pembeni ya benchi, na anayetaka kuukunja aje awaamshe watoto kwa mkono wake mwenyewe, mama zao wakimtazama.

Pumzika kwa amani, Kocha wetu, nyuma ya goli tutasimama sisi.