Ua Lililochomolewa Kwenye Shada la Profesa

Mnisamehe. Binti yangu mdogo Sorana amechomoa ua moja sasa hivi kwenye shada la Profesa, amejificha nalo chini ya meza. Mnacheka, lakini wengine nimewasikia mkiguna. Yalikuwa saba, yamebaki sita, na sote tunajua kwa mila zetu maua ya idadi shufwa hupelekwa makaburini, ya witiri ndiyo hupewa walio hai.

Mheshimiwa Mkurugenzi wa hospitali, Profesa Aglaia Hodoș tunayekuaga leo, madaktari, wauguzi, ndugu wageni waalikwa, habari za mchana.

Nimeombwa niseme kwa niaba ya familia za wagonjwa. Elimu yangu ni ndogo, kazi yangu ni kukaanga gogoși, maandazi yetu, sokoni. Na leo moyo wangu uko ghorofani, ambako mume wangu Costin amepimwa asubuhi tujue kama saratani ya utumbo mpana imerudi. Majibu yanatoka wakati wowote. Nikitazama mlango, si dharau.

Profesa, unakumbuka siku ya kwanza tulipokuja kwako? Ulituambia seli ina molekuli ziitwazo RNA, zinazobeba maelekezo ya kutengeneza protini, na nyingine nyingi zisizoyabeba, ambazo zamani wenzako waliziita takataka. Costin akakutania, "Kumbe serikali inakulipa kuchambua takataka!" Ukamjibu, "Ndiyo, baba, na za kwako ndizo zenye kelele kuliko zote."

Tulicheka, kisha ukatueleza taratibu. Hizo RNA hazijengi protini, lakini huamua nani afanye kazi na nani anyamaze. Kuna zinazoizuia seli isizaliane ovyo. Kwenye uvimbe wa Costin hizo zilikuwa zimefifia, na nyingine imejaa kupita kiasi, inawaziba midomo walinzi wa seli. Nani angejua, kama wote wangepita hapo wameshika pua?

Nikakuuliza, "Kwa hiyo dawa ipo?" Ukasema, "Bado, binti yangu. Sauti ya mwizi tumeijua; pingu bado." Hukunidanganya, ndiyo maana nakuamini. Unastaafu, lakini vijana uliowafundisha wanabaki, na mimi natumaini pingu zitapatikana kabla Sorana hajawa mtu mzima.

Sorana, toka huko, mama. Lete ua la Profesa. Haya, hivyo hivyo. Basi ndugu zangu, nawashu… Naam, dada Viorica wa wodini? Majibu? Daktari ananiita?

Profesa, shika maua yako, yamerudi saba, ni ya watu walio hai. Asanteni nyote mlionisikiliza, na mniombee, maana Costin yuko peke yake huko juu na mimi nilimwahidi kwamba majibu tutayasikia pamoja…